UZI: Junior Bridgeman ametutoka, mcheza kikapu aliyeingia jikoni mwenyewe

Karai la Langoni

Assalamu alaykum, na salamu kwenu nyote wa Lamu, Malindi na mlioko mbali.

Usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano tulikuwa barazani, wachache tuliobaki baada ya tarawehe, birika la kahawa limeshabaki mashapo. Kumi la kwanza la Ramadhani ndilo lilikuwa linatuaga. Simu yangu ikalia. Ndugu yangu wa Mombasa ameandika mstari mmoja tu, kwamba yule mtu wangu wa Milwaukee amefariki. Sikuuliza ni nani. Nilinyamaza mpaka wenzangu wakadhani nimefiwa na jamaa.

Ni Junior Bridgeman. Amefariki tarehe 11 Machi 2025 mjini Louisville, Marekani, akiwa na miaka 71. Alikuwa hotelini kwenye hafla ya chakula cha mchana ya skauti, anazungumza na mwandishi wa televisheni, akashikwa na moyo papo hapo.

Wengi hamlijui jina hilo wala siwalaumu. Mkitajiwa Milwaukee Bucks, timu ya mji wa Milwaukee katika NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, mnamtaja Giannis, na kabla yake Kareem Abdul-Jabbar, ambaye sisi Waislamu wa pwani tunamjua hata tusiojua kikapu. Basi anzeni na huyo Kareem. Mwaka 1975 aliomba kuondoka Milwaukee, akapelekwa Los Angeles Lakers. Milwaukee wakapewa wachezaji wanne, na mmoja wao alikuwa kijana Bridgeman, ambaye Lakers walikuwa wamemchagua wa 8 kati ya vijana wapya wa ligi mwaka huo huo na hakuwahi kuwachezea hata mechi moja. Hebu fikirini umefika kazini siku ya kwanza, na mji mzima unakutazama kama chenji ya mtu waliyempoteza.

Jina lake kamili ni Ulysses Lee Bridgeman, mzaliwa wa East Chicago, jimbo la Indiana, mwaka 1953, mji wa viwanda vya chuma, na baba yake alikuwa mfanyakazi wa chuma. Timu ya shule yake ilitwaa ubingwa wa jimbo mwaka 1971, mechi 29 bila kufungwa hata moja. Akaenda Chuo Kikuu cha Louisville, wakafika nusu fainali ya vyuo vya taifa mwaka 1975, wakatolewa na chuo cha UCLA kwa pointi moja, 75 kwa 74, muda wa nyongeza.

Milwaukee hakuwa nyota wa mabango. Miaka mingi alianzia benchi. Kwenye kikapu kuna cheo kinaitwa mchezaji wa sita: watano wanaanza, wewe unakaa unatazama, na unapoingia huna ruhusa ya kuuliza mchezo umefika wapi. Kwa kazi hiyo ya kuingia katikati alipata wastani wa pointi 13.6 kwa mechi katika misimu 12, na mechi 711 akiwa na Bucks, rekodi ya klabu iliyodumu miongo. Mwaka 1988 wakaitundika jezi yake namba 2, asiivae mtu mwingine.

Sasa nawaambia kwa nini mtu wa Langoni anamlilia.

Nilifungua kibanda changu mwaka 2016 nilipoacha mpira. Nilikuwa na fedha kidogo za minazi ya marehemu mama. Nikaajiri mpishi, nami nikakaa mbele na kanzu safi, napokea salamu. Miezi minne. Viazi vinaingia gunia zima, fedha inayorudi ni ya nusu gunia. Mafuta yamekuwa meusi hayabadilishwi. Unga wa kuchovyea mzito, umekivaa kiazi kama koti la mvua, na ndani kiazi bado kigumu. Wateja wakahamia kwa jirani. Nami sikujua kasoro iko wapi, kwa sababu kiazi cha karai nilijua kukila tu.

Ndipo nikakutana na habari za Bridgeman. Mwaka huo alikuwa anauza mikahawa yake, zaidi ya 100 ya Wendy's na zaidi ya 100 ya Chili's, ili aingie kwenye biashara ya soda. Ukubwa wa hesabu haukunigusa sana. Kilichonishika ni mwanzo wake. Alipokuwa bado mchezaji wa kulipwa, ligi ikifungwa, alikwenda kujifunza kazi ndani ya mikahawa ya Wendy's yenyewe. Mtu wa futi 6 na inchi 5, jina lake linasomwa magazetini, amesimama kwenye jiko la kukaangia baga, anapokea fedha kaunta. Alipostaafu mwaka 1987 alinunua mikahawa mitano tu hapo Milwaukee, na mambo yote yaliyofuata yalitoka kwenye hiyo mitano.

Kesho yake niliacha kanzu nyumbani. Nikajifunga kikoi, nikamwambia mpishi wangu, "Ami, nifundishe." Alinitazama kwanza kuona kama nimekuja kumfukuza. Kisha akachukua tone la unga kwa ncha ya kidole akalidondosha kwenye mafuta. Likizama likatulia, mafuta bado. Likiruka juu na kuungua kingo, moto umezidi. Likipanda taratibu limezungukwa na povu dogo dogo, hapo tia viazi. Miaka karibu tisa sasa, kila jioni nadondosha tone langu kabla ya kitu kingine chochote. Ami yule bado yuko nami, na sasa ni mshirika, si mwajiriwa.

Sijawahi kumwona Bridgeman kwa macho, hata picha zake zikicheza nimeziona za kukatwakatwa tu. Lakini mtu aliyekutoa kwenye kiti cha mbele akakupeleka penye moto, akifa unalia.

Nataka uzi huu tumkumbuke. Anayejua jambo alilete.

Mwana wa Shela

Pole sana kakangu. Nimesoma nikiwa na unga mikononi, mahamri ya daku yanaumuka.

Hilo la kukaa mbele na kanzu nimeliona kwa wengi. Mtu akipata jina, la mpira, la uimbaji, la siasa, watu humjia na shauri la biashara, na kila shauri linamtaka atoe fedha na jina tu. Hakuna anayemwambia aje saa kumi alfajiri akande unga. Huyu bwana alikwenda bila kuambiwa, na kipindi ambacho alikuwa bado ana mshahara, hana shida ya mtu. Hapo ndipo ninapomvulia kofia.

Mwanangu wa pili anacheza mpira, na anaucheza vizuri, mashallah. Nitamsomea.

Nahodha Mstaafu

Nimeshika sukani miaka mingi, na mashindano ya mashua nimeyashinda na kuyashindwa. Hakuna nahodha Lamu aliyeanzia sukani. Unaanza ngamani, unatoa maji kwa kopo, miguu imeloa, hujui hata tanga limekaa upande gani. Baadaye unapewa kamba. Baadaye unapanda kwenye ubao wa kusawazisha uzito, upepo ukizidi unaning'inia nje ya chombo. Siku unayokaa nyuma kushika sukani, mkono wako unajua maji yaliyomo ngamani bila kuinama kutazama.

Marehemu alianzia ngamani. Mungu awape subira jamaa zake.

Malindi Kwetu

Nawasalimu. Nitasema neno ambalo huenda lisipendeze, lakini nalisema kwa heshima.

Kumkumbuka tumkumbuke, nami nampa pole mke na watoto wake. Lakini tusiwapelekee vijana wetu hadithi hii kana kwamba tofauti ni bidii peke yake. Huyu alilipwa kwa dola. Kuna benki zinazomkopesha mtu mwenye mkataba wa NBA. Kuna kampuni yenye mapishi tayari, jina tayari, matangazo tayari. Kijana wa hapa Malindi anacheza kiwanja cha Alaskan, jasho linamtoka, mwisho wa mechi anapewa nauli na chupa ya maji. Akistaafu atanunua mikahawa mitano kwa nini? Kwa makofi aliyopigiwa?

Simpunguzii marehemu. Naogopa tu tukimsifu vibaya tutakuwa tunawalaumu wasio na kosa.

Karai la Langoni

Ndugu yangu wa Malindi, hujakosea, na nashukuru umelisema mapema.

Fedha alikuwa nazo kutuzidi sote tuliomo humu. Lakini pima kwa kipimo cha kwao. Mshahara wake mkubwa kabisa haukuzidi dola 350,000 kwa msimu. Kwa nyota wa leo hiyo haimfikii mshahara wa wiki. Wapo waliolipwa mara mia yake na wakaishia kuuza pete zao za ubingwa. Kwa hiyo fedha ilikuwa mlango, nakubali, ila wengi walioupita mlango ule walitokea upande wa pili mikono mitupu.

Tena lile la mapishi tayari, jina tayari. Kampuni za namna ile hukupa jina na masharti, kisha nyumba, wafanyakazi, umeme na hasara vinabaki juu yako, na unawalipa sehemu ya mauzo upate usipate. Ni mfano wa mtu aliyekodi mashua ya mtu mwingine: samaki wasipopatikana, kodi iko pale pale. Bila kujua jiko, ile mikahawa mitano ingemzamisha upesi kuliko kibanda changu kimoja.

Lakini la nauli na chupa ya maji sina jibu. Nimelipitia.

Mwalimu Mkomani

Nimechelewa kuingia, nilikuwa nasahihisha mitihani. Naona kila mtu amelishika jiko, na upande mmoja wa marehemu umeachwa. Tena unamjibu ndugu wa Malindi moja kwa moja.

Kuanzia mwaka 1985 hadi 1988 Bridgeman alikuwa rais wa chama cha wachezaji wa NBA. Wakati ule mchezaji aliyemaliza mkataba hakuwa huru kweli. Klabu yake ya zamani ilikuwa na haki ya kusema, wewe umepata ofa kwingine, basi sisi tunalipa kama hiyo na unabaki hapa. Mwenye fundi anayemzuia fundi asihame hata kama mkataba wake umeisha, ndiyo hali ilivyokuwa. Mwaka 1987 wachezaji wakaishitaki ligi mahakamani, na kesi ikabeba jina lake, Bridgeman dhidi ya NBA. Yalipofikiwa makubaliano mwaka 1988, mchezaji mkongwe aliyemaliza mikataba yake akapata haki ya kwenda atakako bila klabu ya zamani kumzuia. Wa kwanza kuitumia haki hiyo ni Tom Chambers, aliyehama Seattle akaenda Phoenix kiangazi kile kile.

Sasa angalieni tarehe. Bridgeman alistaafu 1987. Haki hiyo aliipigania, na yeye mwenyewe hakuila hata siku moja. Mamilioni wanayolipwa wachezaji leo yana jasho la watu kama yeye ndani yake.

Kwa hiyo ndugu wa Malindi anaposema kijana wetu anapewa nauli na chupa ya maji, mimi naona Bridgeman yuko upande wake. Hakuwaambia wenzake wajikaze tu. Aliwakusanya, wakatia sahihi, wakaenda mahakamani. Wachezaji wetu wa pwani hawana hata karatasi yenye majina yao kwenye meza moja.

Wanafunzi wangu huniuliza mtu anawezaje kuwapigania wafanyakazi leo na kesho akawa mwajiri wa maelfu. Mimi huwajibu kwamba aliyekaa mezani akabishana na matajiri kuhusu mikataba amejifunza pia matajiri wanavyohesabu.

Kreti za Mokowe

Hamjambo wazee. Mimi ni mtu wa soda, na hapa ndipo ninapoweza kusema jambo la kazi yangu.

Mnaona aliuza mikahawa akaingia kwenye soda, mnadhani ni kupumzika. Si kupumzika. Soda ina tabaka. Kampuni yenye jina hutengeneza kile kiini, na hicho ndicho siri yao. Mwenye kiwanda cha kujaza hununua kiini, akatia maji, sukari na gesi, akajaza chupa, kisha akazipeleka dukani. Na anapewa eneo lake. Ndani ya eneo hilo duka lolote likikosa soda ni aibu yake yeye, hata kama liko mwisho wa barabara mbovu. Mwaka 2017 Bridgeman alichukua eneo la Coca-Cola katika Kansas, Missouri na Illinois, kampuni yake ikaitwa Heartland. Mwaka uliofuata akashirikiana na Larry Tanenbaum, tajiri wa Kanada, kuichukua Kanada. Kanada nzima, ndugu zangu! Tazameni ramani.

Nawaonyesha soda inavyofika Lamu ili mjue uzito wake. Lori linatoka Mombasa, linapita Malindi, Garsen, Witu, mpaka Mokowe. Mokowe barabara imekwisha, ni bahari. Kreti zinashushwa moja moja mpaka kwenye boti, na siku ya maji kupwa ngazi ni ndefu, hamali anashuka na kreti begani anatafuta kidato kwa unyayo kwa sababu hakioni. Ng'ambo, punda au mkokoteni. Vichochoro vya Mkomani punda wawili wenye mizigo hawapishani, mmoja sharti arudi kinyumenyume. Chupa ikifika dukani kwa bibi wa Langoni ikiwa nzima, na tena baridi, imeshikwa na mikono kumi.

Kila chupa inayovunjika naijua ilivunjikia wapi. Kama yule bwana aliyajua mambo yake ya Kansas hivyo, na kwa jinsi mlivyomweleza naamini aliyajua, basi alikuwa mwenzangu kazini, ingawa yeye alikuwa na malori na mimi nina boti ya kukodi.

Mwana wa Shela

Hamali na kidato cha ngazi, mwenyewe nimewaona. Mungu awalinde.

Namba Saba

Sijawahi kuandika humu, nasoma tu. Leo naandika.

Mimi ni wa Lamu. Nilicheza kiwanja cha Twaif tangu nina miaka kumi na mbili, nikachukuliwa na klabu moja ya bara, sitaitaja. Nilikaa nao misimu mitatu. Mkataba ulikuwa karatasi moja, nakala yangu niliambiwa nitapewa baadaye. Mshahara miezi mingine ulikuja, mingine haukuja. Msimu wa tatu goti liligeuka kwenye mazoezi, mlio nikausikia kabla ya maumivu. Daktari wa klabu akalifunga bandeji akasema litarudi. Halikurudi. Baada ya wiki sita simu zangu zikawa hazipokelewi. Nilirudi nyumbani na mfuko wa viatu.

Ni miaka miwili. Watu bado wananiita kwa namba yangu njiani. Nikipita barazani wazee wananisimulia bao nililofunga, wananisimulia mimi mwenyewe. Wananipenda, najua. Ila nimekuwa na miaka ishirini na sita na sina kazi, na kila mtu anaona haya kunipa kazi ndogo kwa kuwa mimi ni Namba Saba. Mimi pia naona haya kuiomba. Nilikwenda mara moja gatini Mokowe kutafuta kubeba mizigo, nikamkuta mtu aliyekuwa akija kunishangilia, nikajifanya nasubiri boti.

Niliposoma kwamba yule mtu alisimama jikoni huku bado anacheza, watu wanamjua sura, nimekaa na simu mkononi mpaka adhana ya alfajiri.

Malindi Kwetu

Namba Saba, mdogo wangu, nisamehe. Niliposema maneno yangu ya nauli nilikuwa naongea kwa jumla, sikujua kwamba mwenye habari yupo anasoma.

Nimebadilika kidogo tangu niandike. Nilikuwa natafuta mfano wa kwetu ili nithibitishe kwamba haiwezekani, nikakuta wapo. Kipchoge Keino alileta dhahabu mbili za Olimpiki, Mexico 1968 na Munich 1972, zama ambazo mkimbiaji hakulipwa kitu, na akaendesha duka la vifaa vya michezo Eldoret, akawa na shamba, akalea mayatima. Paul Tergat, aliyevunja rekodi ya dunia ya marathoni Berlin mwaka 2003 kwa saa 2:04:55, aliingia kwenye biashara ya habari na matangazo. Hao hawakuwa na NBA.

Lakini nasimama na Mwalimu. Kijana anayepewa karatasi asipewe nakala yake, hilo si jambo la bidii. Mwenye timu ya mtaa asomaye hapa, mpe mchezaji wako nakala siku hiyo hiyo, mbele ya shahidi.

Mwalimu Mkomani

Naongeza moja, kisha nanyamaza. Mwaka 2020 magazeti ya Ebony na Jet yalikuwa yamefilisika. Ebony lilianza 1945, na kwa Wamarekani weusi ndilo lililoweka harusi zao, wasomi wao na nyuso zao kwenye karatasi nzuri wakati magazeti mengine yaliwaweka kwenye habari za uhalifu. Bridgeman aliyanunua kwa dola milioni 14. Kwa mtu wa soda na baga, sioni hesabu ya faida kubwa hapo. Naona mtoto wa East Chicago aliyekua akiyaona mezani kwa watu wake.

Na Septemba 2024 alinunua asilimia 10 ya Milwaukee Bucks. Klabu iliyompokea kama chenji ya Kareem akaimiliki sehemu. Aliionja miezi sita tu.

Karai la Langoni

Mwalimu, hilo la miezi sita limenichoma.

Namba Saba. Nilikuwa nikikutazama Twaif. Bao lako la kona lile, nami sitakusimulia. Nina maneno mawili tu ya kukwambia, na nayasema hadharani kwa kuwa nawe umesema hadharani.

Ramadhani hii jioni zangu ni nzito. Kuanzia alasiri mpaka magharibi watu wanapanga mstari wa viazi, sambusa na kababu za kufuturia, nami na ami yule tumezidiwa. Njoo. Sikupi kazi ya mbele ya kuonekana na wateja, kwa sababu najua watakuja kwa jina lako, na jina si kitu cha kuanzia. Utaanza nyuma, kumenya. Malipo kila jioni kabla ya kufuturu, mkononi, na tutaandika, na nakala utakuwa nayo.

Ukiona haya kupita mtaani, pitia njia ya pwani.

Mwana wa Shela

Na akikuchosha huyo, mwanangu, njoo kwangu Shela. Mahamri hayamjui Namba Saba wala Namba Nane.

Nimemsomea yule wangu wa pili uzi wote. Aliuliza swali moja tu, kama huyo mtu alikuwa akienda jikoni baada ya mazoezi au siku za mapumziko. Nikamwambia ligi ikifungwa. Akasema basi Jumamosi atakuja kukanda.

Nahodha Mstaafu

Alikuja?

Mwana wa Shela

Alikuja, nahodha. Saa kumi na moja badala ya saa kumi, lakini alikuja.

Kreti za Mokowe

Namba Saba, yule uliyemkuta gatini ukajifanya unasubiri boti, ni mimi. Nilikuona. Nilidhani kweli unasubiri boti, nikasikitika kwamba hukunisalimu. Tuonane, mdogo wangu.

Namba Saba

Idd mubarak kwenu, ingawa imeshapita siku kadhaa.

Nilikwenda, siku ya pili baada ya kusoma. Nilipita njia ya pwani kama nilivyoambiwa. Siku ya tatu nilipita njia kuu.

Nimemenya viazi mpaka kidole gumba kimepata sugu upande. Wiki ya kwanza ami hakunisemesha sana, alikuwa akitazama maganda niliyotupa, akiona nene ananirudishia kisu bila neno. Nilikuwa natupa kiazi kingi na ganda. Alinionyesha kukata kuelekea kwangu, kisu kimelala. Juzi alichukua ganda langu akaliinua kwenye mwanga wa taa, likapitisha mwanga, akaliweka.

Kaka alinieleza kwamba Bridgeman alipokuwa benchi alikuwa anatazama mchezo ili akiingia asiulize. Nami huko nyuma natazama. Nimejua gunia moja linatoa sahani ngapi. Nimejua mafuta yanabadilishwa lini, na kwamba siku ya Ijumaa viazi viwekwe zaidi kwa ajili ya watu wanaotoka Matondoni na Kipungani. Nakala ya maandishi yetu iko kwa mama, ameiweka kwenye kasha pamoja na hati za nyumba.

Jana jioni ami alikuwa na homa. Kaka akaniita mbele ya karai. Nilichovya kidole kwenye unga, nikadondosha. Tone likazama likatulia. Nikangoja. Watu kwenye mstari wakaanza kuniita namba yangu, wengine wanasema tia tu, tunakwenda. Nikadondosha la pili. Likapanda taratibu, na povu likalizunguka.